Kuku Wanne wa Uani

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeleta kuku wanne nyumbani. Mume wangu alikuwa kazini, nikaona bora hivyo. Akirudi awakute wameshafika kuliko anikute bado naomba ruhusa. Ni mitetea, wameanza kutaga juzijuzi. Mmoja mwekundu, wawili weusi, na mmoja wa madoadoa asiye na manyoya shingoni, anayetazama watu kama mkaguzi wa shule. Banda nimetengenezewa na seremala wa kona kwa mbao za makreti na waya wa matundu. Maranda ya kutandika chini kanipa bure.

Daftari hili lilikuwa la darasa la tano. Nililikuta kwenye mkoba wangu baada ya kustaafu, mwezi wa kwanza, pamoja na vipande vitatu vya chaki na kadi ya kuniaga waliyoitia saini walimu wote, hata wale ambao hatukuwa tukisalimiana.

Mume wangu amerudi saa kumi na mbili. Amewatazama, ameuliza kama ni wa kula au wa kufuga. Nimemwambia ni wa mayai. Amesema haya, akaenda kuoga.

Jumamosi, 8 Machi
Yai la kwanza, la yule mwekundu. Nimeliokota likiwa bado na joto. Nimelikaanga tukala nusu kwa nusu. Mume wangu amesema limezidi chumvi.

Jumatano, 12 Machi
Mayai matatu kwa siku moja. Nimeamua kuwagawia majirani, maana ua ni wetu sote, na mwenye kula yai la mtu haoni haraka ya kulalamikia harufu.

Nyumba yetu ina wapangaji wanne. Sisi tuko chini, vyumba viwili na jiko. Ng'ambo ya ua kuna chumba kimoja cha fundi saa, mtu mzima asiye na mke wala watoto, anayefanyia kazi humohumo, meza imesukumwa dirishani na kioo kidogo kimebanwa jichoni. Juu yetu anakaa mshona nguo tunayemwita Bi Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Wa nne ni dereva wa malori ambaye hata sura yake naisahau.

Bi Sindano amepokea yai lake kwa vicheko, akaniambia kustaafu kumenipendeza. Fundi saa amelipokea kwa mikono miwili. Jioni amenirudishia maganda yaliyosagwa ndani ya kikaratasi, akasema niwachanganyie kuku kwenye pumba, mayai yatakuwa na maganda magumu. Nilimuuliza kajulia wapi. Mama yake alikuwa akifuga.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua imeanza. Nimesikia kengele ya shule upande wa pili wa barabara, na miguu yangu ikashuka kitandani yenyewe kabla sijakumbuka kwamba hainihusu tena. Kabla ya kuku nilikuwa nakaa pale ukingoni mwa kitanda mpaka saa tatu, nimevaa nguo za kutokea, sina pa kwenda. Leo nimekwenda kufungua banda. Sijamwambia mtu yeyote jambo hili na sidhani kama nitamwambia.

Alhamisi, 20 Machi
Fundi saa amebisha hodi. Banda liko chini ya dirisha lake, na kuku wakijikung'uta vumbi la maranda linapanda na kuingia kwenye saa alizozifungua. Ameomba lisogezwe karibu na tangi la maji. Ameomba kwa upole, amesema samahani mara mbili. Nami nimejibu kwa upole nitalisogeza.

Mlango ulipofungwa nilishikwa na hasira. Sijui kwa nini. Ombi lilikuwa la haki. Labda ni kwa sababu tangu nistaafu hakuna anayeniomba kitu, wananielekeza tu.

Ijumaa, 21 Machi
Nimelisogeza. Hatua nne. Kashukuru.

Ijumaa, 28 Machi
Mume wangu ameletwa na gari la mkubwa wake wa kazi, maana mvua ilikuwa kubwa na mabasi hayaonekani. Ni karani wa ofisi ya bima, miaka ishirini na sita sasa, na mwaka huu anatajwatajwa kwa ukuu wa kitengo. Mkubwa wake ameshuka kunisalimu. Shingo Wazi, yule wa madoadoa, alikuwa katoka bandani, akamdonoa kamba ya kiatu. Yule bwana alicheka sana, akamuuliza mume wangu kama mshahara umekuwa hautoshi. Nami nikacheka. Nikamfungia mayai sita kwenye gazeti, akaondoka amefurahi.

Chakula cha jioni mume wangu hakukimaliza. Nilidhani kachoka.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua. Mayai mawili.

Alhamisi, 3 Aprili
Mvua. Yai moja.

Jumamosi, 5 Aprili
Ua umekuwa tope. Nimebadilisha maranda yote, nimenyunyiza majivu, bado harufu ipo kidogo. Bi Sindano anasema haisikii. Mume wangu anasema anaisikia hadi kwenye shati lake la kazini. Nimelifua upya.

Alhamisi, 10 Aprili
Saa nne asubuhi amekuja bwana afya wa manispaa, kijana mwenye viatu vya mpira na jalada chini ya kwapa. Alinisalimu shikamoo, akaniuliza kama ndiye mimi mwenye kuku. Ndiye mimi. Akalizunguka banda, akainama, akaandika. Kisha akaniambia kuna mpangaji wa nyumba hii aliyepeleka barua ya malalamiko: harufu, uchafu, hatari ya maradhi. Sheria ndogo za manispaa haziruhusu mifugo katika nyumba ya wapangaji. Nina siku saba kuwaondoa. Zikipita, watakuja kuwachukua wao na kesi juu yake.

Nilimuuliza ni nani. Akasema aliyeandika hakutia jina, katia "mpangaji" tu. Akalipapasa lile jalada.

"Barua ninayo humu, mama. Ukitaka isome."

Wakati huohuo niliinua macho. Fundi saa alikuwa dirishani kwake, kioo kimebanwa jichoni, anatutazama. Macho yetu yalipokutana akashusha pazia.

"Sina haja ya kuisoma," nilimwambia bwana afya. "Namjua."

Akalifunga jalada, akanipa karatasi yangu, akaenda zake.

Nilisimama pale uani mpaka mvua ikanilowesha. Nikakumbuka ile samahani yake ya mara mbili. Nikakumbuka yai langu alivyolipokea kwa mikono miwili. Mtu anakula mayai yako mwezi mzima, anakusagia na maganda, halafu anakaa kwenye meza yake anaandika barua. Kama angekuja kunitukana mlangoni ningemheshimu zaidi.

Mume wangu aliporudi nilimweleza. Alisoma ile karatasi taratibu, mbele na nyuma, ingawa nyuma haikuandikwa kitu. Akasema ndiyo serikali, tutafanyaje. Nikamwambia ni fundi saa. Akakoroga chai muda mrefu.

"Huwezi kujua," akasema.

"Namjua."

"Hata kama ni yeye, yameshapita. Waondoe, maisha yaendelee."

Nilimwona ni mwoga. Siku zote amekuwa mtu wa kukwepa ugomvi, na mimi siku zote ndiye ninayeugombea ugomvi wake. Hayo ndiyo niliyoyawaza.

Jumapili, 13 Aprili
Nimemwendea mwalimu mwenzangu wa zamani mwenye kiwanja nje ya mji. Amekiuza. Nimemuuliza seremala, hana nafasi. Mama aliyeniuzia kuku anasema kikishatoka kwake hakirudi.

Jumatatu, 14 Aprili
Mweusi mmoja amekufa. Nimemkuta asubuhi kajikunja kwenye kona, macho yamefunikwa na ukungu. Wale wengine walikuwa wakila kando yake.

Jumatano, 16 Aprili
Tumewachinja leo jioni.

Mume wangu amechinja mwenyewe. Alivua saa, akakunja mikono ya shati. Mimi nilishika miguu. Mwekundu hakupiga kelele. Mweusi alipiga. Shingo Wazi alinitazama mpaka mwisho kwa lile jicho lake la ukaguzi, na mimi nikageuza uso. Mwanafunzi akiniangalia hivyo darasani nilikuwa nikimtoa nje.

Ndani ya mwekundu kulikuwa na mayai yaliyopangana kwa ukubwa, moja tayari lina ganda, la mwisho dogo kama punje ya mtama. Nilikaa nayo kiganjani mpaka maji ya jikoni yakachemka.

Bi Sindano nimempelekea sahani. Fundi saa sikumpelekea. Mume wangu alikula, akanyonya mifupa, akaomba kipande cha pili.

Ijumaa, 18 Aprili
Asubuhi fundi saa alikuwa bombani. Alinisalimu. Sikuitika. Akasema, "Pole kwa kuku, Mwalimu."

"Pole ya nini," nikamwambia, "na furaha ni yako?"

Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akatazama dirisha letu, akaufunga. Akabeba ndoo yake ikiwa nusu. Ile nusu ndoo niliihesabu kama ushahidi.

Jumanne, 22 Aprili
Nimemweleza Bi Sindano. Sikumwambia nadhani, nilimwambia ni yeye. Nilimweleza habari ya banda na vumbi, habari ya pazia. Alisimamisha cherehani.

"Yule?" akasema. "Yule mpole hivyo?"

"Wapole ndio wa kuogopa."

Amevuta uzi, akaukata kwa meno, akasema mimi niache, yeye anajua la kufanya. Sikuuliza ni lipi.

Jumapili, 27 Aprili
Habari imeenea bila mimi kufungua mdomo tena. Leo mwenye duka la mbele kaniambia alikuwa ampelekee fundi saa saa yake ya ukutani, sasa ataipeleka kwingine, maana mtu wa kuchongea wenzake hafai kuingia na kutoka kwenye nyumba za watu. Nilisema hayo si yangu mimi. Lakini nilikwenda nyumbani nikitembea vizuri zaidi kuliko nilivyotoka.

Jumamosi, 3 Mei
Mwenye nyumba amepita kukusanya kodi. Binti yake nilimfundisha darasa la tatu na la nne, na mpaka leo ananiita mwalimu wetu. Nimemkaribisha chai. Nimemweleza kwamba fundi saa anaweka chupa za spiriti chumbani, za kusafishia saa, na kwamba siku chupa moja ikishika moto nyumba yote inakwenda.

Ni kweli anaziweka. Ni chupa mbili, ndogo kama za dawa ya kikohozi, na kaziweka miaka yote bila mtu kuhofia. Hilo sikulisema.

"Ukisema wewe, Mwalimu, basi," amenijibu.

Ijumaa, 9 Mei
Asubuhi nimemwona fundi saa ametandika taulo kwenye kizingiti cha dirisha na kupanga juu yake saa zilizofunguliwa, nyingi, anazipuliza moja moja. Chumba chake kimeingia maji. Jana haikunyesha. Bi Sindano ameshuka ngazi akiimba.

Sikuuliza.

Jumatatu, 12 Mei
Fundi saa kapewa notisi hadi mwisho wa mwezi. Nimemwambia mume wangu tulipokuwa tunakula. Akaweka kijiko chini.

"Huyu mtu ana miaka kumi na saba hapa," akasema.

"Angeifikiria hiyo miaka kabla ya kuandika."

Akaniangalia kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Akainuka, akaenda kusimama mlangoni, akanipa mgongo mpaka nilipomaliza kuosha vyombo.

Jumanne, 20 Mei
Mvua. Ukuu wa kitengo kapewa mtu mwingine, kijana. Mume wangu amesema haidhuru. Banda tupu limeanza kuota ukungu, seremala atakuja kuchukua mbao zake.

Jumamosi, 31 Mei
Ameondoka leo.

Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyokatika. Alikodi mkokoteni. Kitanda, sanduku, jiko la mafuta, na ile meza. Mwenye mkokoteni alikuwa peke yake na meza ni ya mbao nzito, basi mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mlinzi tangu saa mbili, akavuka ua kwa kandambili akashika upande mmoja. Walibeba wawili, yeye na fundi saa, uso kwa uso. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilichukia. Mtu amenitendea hivi, na mume wangu anambebea meza.

Walipoipakia, mume wangu akampa mkono. Fundi saa aliutazama ule mkono, akaugeukia mkokoteni, akaanza kusukuma. Nilisema moyoni: jeuri mpaka dakika ya mwisho.

Mume wangu alirudi na shati limelowa. Nilimwambia akome kujipendekeza kwa watu wasiomtaka. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Jumatatu, 2 Juni
Mvua imekatika. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Ijumaa nililetewa karatasi kwamba jalada langu lifungwe, niende manispaa nitie saini kuthibitisha kuku hawapo. Nimekwenda leo asubuhi. Chumba kina madawati matatu na feni isiyozunguka. Karani, dada mmoja mstaarabu, alilifungua jalada mbele yangu, akapekua, akaniwekea kidole pa kutia saini. Upande wa kushoto, imebanwa kwa pini, ilikuwepo barua.

Sikuitafuta. Ilikuwa pale tu, kama daftari lililoachwa wazi juu ya dawati.

Niliujua mwandiko kabla ya kusoma neno hata moja. Ile K yenye mkia unaoshuka chini ya mstari. Zile nafasi pana kati ya maneno, kama mtu anayehofia maneno yake yasigusane. Nikasoma. "Kwa heshima na taadhima." "Mwenye kuku ni mtu mzima anayeheshimika, hivyo naomba sana chanzo cha taarifa hii kisitajwe." Na katikati: "jambo hili ni la dharula."

Dharula. Miaka thelathini nimemsahihisha neno hilo. Kwenye barua ya kuniposa aliliandika hivyohivyo, nikacheka, nikalipenda.

Yule dada akaniuliza kama kalamu haiandiki. Nikamwambia inaandika. Nikatia saini.

Sikumbuki njia. Nakumbuka nimekaa kwenye kiti chetu cha jikoni mpaka saa kumi na mbili, na jua la kwanza baada ya wiki nyingi likipita polepole ukutani. Alipoingia nilimwambia nimeiona barua. Hakuuliza barua ipi. Alikaa na begi lake magotini kama mgeni.

Alieleza yote kwa sauti ya kawaida. Baada ya siku ile ya gari, mkubwa wake aliyasimulia ofisini yale ya kuku na mayai kwenye gazeti. Kesho yake wakamwita Baba Vifaranga. Walimwikia kama jogoo akipita. Mmoja alimwekea mahindi kwenye droo. Na cheo kilikuwa njiani, na yeye anajua watu wa namna gani hupewa vyeo. Akaenda kwanza kwa fundi saa, watie saini pamoja, wawe wapangaji wawili wenye shida. Fundi saa akakataa. Alisema yeye alikuwa na shida, akaniambia mimi, nikalisogeza banda, shida imekwisha. Basi akaipeleka peke yake.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Ningekuambia uache, ungeacha?"

"Ungeniambia tu."

"Usingeacha. Ungegombana nami mwezi mzima. Nikaona bora uambiwe na serikali."

Nikamuuliza: na fundi saa? Wiki saba amenisikiliza nikimtaja mtu huyo kwenye meza hii hii, asubuhi na jioni. Kanisikia nikipanga. Kamwona akisukuma mkokoteni.

Aliliweka begi chini. Kisha akasema, bila hasira, na naandika kama alivyosema:

"Mimi sikumtaja fundi saa hata siku moja. Aliyemtaja ni wewe."

Nimelala kwenye kochi la sebuleni. Au nimejilaza tu.

Jumanne, 3 Juni
Jua. Hatujasemeshana.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekwenda kwa mwenye nyumba, nimemweleza ukweli wote. Amesema chumba keshampa mpwa wake, rangi imeshapakwa, na tena habari ile ya spiriti ilimwingia kweli. Ameniomba nisimrudishe nyuma. Bado ananiita mwalimu wetu.

Kisha nikapanda kwa Bi Sindano. Alikuwa akipinda suruali. Nilimwambia nimesimama, sikutaka kukaa: aliyepeleka barua ni mume wangu, fundi saa alikataa hata kutia saini, na nilimwambia uongo, ingawa wakati ule sikujua kuwa ni uongo.

Aliondoa mguu kwenye cherehani. Akaweka mkono kwenye gurudumu lake.

"Yale maji niliyamwaga mimi," akasema. "Ndoo mbili za kufulia, chini ya mlango, yeye kaenda sokoni. Saa za watu zote zile."

Nikamwambia nilijua.

"Ulijua ukanyamaza. Miaka kumi na saba namfahamu. Hili gurudumu la cherehani alinitengenezea yeye, akakataa chochote. Moyo wangu uliniambia si yeye. Lakini ulisema ni yeye, tena wewe, mwalimu mzima. Mimi wa darasa la saba ningekubishia vipi?"

Aliniambia fundi saa yuko wapi: mlangoni mwa duka la viatu, barabara ya nyuma ya soko, kapewa upenyo wa kuweka meza. Akasema yeye hawezi kwenda kumtazama usoni. Akarudisha mguu kwenye cherehani, na mlio wake ukanifuata mpaka nje.

Jumamosi, 7 Juni
Nimekwenda leo asubuhi. Nilivaa vizuri, nikavua, nikavaa vya kawaida.

Upenyo wenyewe ni mwembamba, kati ya mlango wa duka na nguzo. Ile meza imeingia nusu, nusu iko njiani, wapita njia wanaikwepa. Juu yake kipo kitambaa cheupe na saa zisizofika kumi. Amekonda. Aliponiona alitoa kioo jichoni, akanisalimu kama alivyokuwa akinisalimu siku zote, akaniuliza habari za nyumbani. Nyumbani. Nilisema ni njema, kwa mazoea, kisha nikasema si njema.

Nilimweleza kila kitu, hata ya chupa za spiriti, ambayo hakuijua. Nilimwambia nimewaambia Bi Sindano na mwenye nyumba, na mwenye duka la mbele nitamwambia leo hii. Nilimwomba radhi. Nimewafundisha watoto wengi kuomba radhi, wanyanyuke, waseme kwa sauti, wataje kosa. Nilifanya hivyo. Mwenye duka la viatu aliacha kupanga viatu ili asikie.

Fundi saa alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kibisibisi kidogo mkononi. Nilipomaliza alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikuthubutu kumuuliza.

Lakini lipo moja lililokuwa likinila tangu Jumatatu, na hilo nilimuuliza. Alijua tangu mwanzo. Siku ile ya bwana afya alishusha pazia kwa sababu alijua. Siku ya bomba alitazama dirisha letu. Mbona hakusema? Neno moja tu lingemwokoa.

Alinitazama bila ukali wowote.

"Kwanza ni mambo ya mtu na mkewe," akasema. "Pili, Mwalimu, ningekuambia ni mumeo, ungeniamini?"

Magari yalikuwa yakipita. Mtu alipita akiburuta boksi. Nilitafuta namna ya kulijibu swali lile nikaona lina jibu moja.

"Nisingekuamini."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza. Akarudisha kioo jichoni.

"Kama hukuleta saa, Mwalimu," akasema, "nyuma yako kuna mteja."